Karani wa Namba za Magonjwa

Kila ugonjwa ulikuwa na namba yake daftarini, na karani wa zahanati ya Kianjokoma hakuandika hata moja kabla hajamwinamia mgonjwa, penseli sikioni, akiuliza kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Njeru aling'olewa jino, sindano ya ganzi ikamzidi, akaanguka akirusha miguu. Homugadi, mgambo wa wakoloni aliyesaka waasi wa msituni, akacheka pale mlangoni.

"Kiapo cha msituni hicho kinamtesa! Andika hivyo, karani, nimpeleke kambi ya wafungwa."

Miguu ilipotulia, karani akambonyeza Njeru mdomo kupima ganzi. "Masikio yalivuma kwanza?"

Njeru akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini kiapo kikatia mtu ganzi mdomoni, afande?" Akaandika namba ya sumu ya dawa ya ganzi.

Homugadi akaondoka peke yake. Njeru alitaka kushukuru. Yakatoka mate tu. Karani akayapangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Nimesikia, ndugu yangu."