Uji wa Mgonjwa

Majira yale ya baridi, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nasoma riwaya ya Kiswidi ili ninoe lugha ya nchi niliyokuwa nikiishi. Ilihusu mji ambako mvua haikatiki, lakini watu wote wameapa kwamba kuna jua. Mtu mmoja tu ndiye anayetembea na mwavuli, na wenzake wanamwona kichaa. Nilipowasimulia Watanzania wenzangu kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, katika kitongoji cha Bredäng, walicheka mpaka machozi.

"Watu wajinga hao!" alisema mwenyekiti wetu. Nami nilicheka.

Kisha tukaingia kwenye ajenda. Ilikuwa desturi yetu kutuma nyumbani salamu za kuunga mkono serikali, na zilipitishwa kwa kauli moja: mikono yote juu, halafu makofi. Safari hii salamu zilisema wananchi wamehamia vijiji vipya kwa hiari na furaha. Lakini palikuwa na dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, aliyefika karibuni kutoka kijijini kwetu. Alikuwa ameniambia alichokiona kwa macho yake: mama yangu alitolewa nje, nyumba ikaezuliwa paa, akalala uani na kuku wake huku mvua ikimnyeshea.

Mkono wangu ukakataa kupanda. "Mama yangu hakuhama kwa furaha," nilisema.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza! Salamu ziliwekwa kiporo, maana kauli moja ikipungua mtu si kauli moja tena. Kesho yake wakaja chumbani kwangu kunijulia hali, wamebeba uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Unga wenyewe mmoja wao alikuwa ameutunza tangu atoke nyumbani. Walisema kwa upole kwamba giza la nchi hii huvuruga watu akili. Mwenyekiti akanigusa paji la uso kama mzazi.

"Pole sana, ndugu yetu. Utapona tu."

Nilikuwa buheri wa afya. Lakini katika jiji lile hao ndio waliokuwa ukoo wangu. Ningeumwa kweli, wangekuja hao hao. Ningekufa, wangenizika wao. Wengi wape, walisema wahenga, nami nikawapa. Nikanywa uji wote, nikashukuru.

Jumamosi iliyofuata salamu zikaletwa tena, nikanyosha mkono. "Ndugu yetu amepona!" akatangaza mwenyekiti, watu wakanipigia makofi. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumbua mpaka leo, kwamba nilifurahi kwelikweli, kama mtoto aliyerudishwa mezani.

Makofi yalipotulia, tukaona mikono ya yule dada ingali mapajani. Alinitazama mimi tu, kisha akachukua koti lake na kuondoka.

"Naye anaumwa," mwenyekiti akasema kwa huzuni. "Nani atampelekea uji?"

Macho yote yakanigeukia mimi, niliyekwisha kupona.

Nikapanda treni ya kwenda Fisksätra, alikokaa yule dada, chupa nimeipakata. Alifungua mlango, akaitazama chupa, akaelewa.

"Kaka," akasema, "wewe unajua siumwi."

Nilijua. Nilimwona mama uani, na kuku wake. Nikainamisha uso, nikamnyoshea chupa kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada," nikasema. "Utapona tu."