Ua wa Waya na Mbuzi wa Mahari

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kasongo wakati wa Wabelgiji, mbuzi alikuwa na heshima kuliko mtoto. Mtoto akivunja mtungi alichapwa kabla maji hayajakauka. Mbuzi alilala barazani, akatafuna nguo ya kikwembe iliyoanikwa, na watu wakasema tu, "Ah, mbuzi." Nikifumba macho naona ukungu wa asubuhi ukitanda juu ya mpunga wa mama nyuma ya nyumba, nasikia watoto wa chuoni wakiimba alifu kwa pamoja, na moshi wa kuni unanijia puani kana kwamba mama bado yuko jikoni anachemsha sombe ya majani ya muhogo.

Mwaka ule dada yangu Mwajuma alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nyangwe, na mbuzi sita wa mahari wakaletwa kwetu kwa miguu, wamechoka, vumbi hadi masikioni. Bibi, mama yake baba, aliwapokea kama wageni na kutoa sharti lake la siku zote: mbuzi wa mahari hapigwi wala hafungwi kamba mpaka bibi harusi atoke nyumbani. "Ukimupiga mbuzi, umemupiga mutoto," alisema. "Bwana yake naye atamupiga."

Basi mbuzi wakajua wamefika. Ua wa miti waliupenya siku ya pili, wakaingia kwenye mpunga, na mpunga ule ndio uliokuwa mchele wa harusi. Mama hakuwa na la kufanya ila kupiga makofi na kuwabembeleza: "Baba, tafadhali, toka." Beberu mkubwa alimtazama huku anatafuna.

Baba alikuwa makanika kwa Mgiriki mmoja mwenye malori ya pamba. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake ilinuka mafuta hata siku ya Idi. Jioni moja alirudi na bateri iliyochoka ya lori, waya uliowahi kufunga marobota ya pamba, na kisanduku cha gari la zamani, kile kinachotoa cheche za kuwasha injini. Akakata shingo za chupa, akazipigilia kwenye vijiti, akapitisha waya humo kuzunguka shamba lote. Chuma kimoja alikizika ardhini na kukimwagia maji, kama anayepanda mgomba. Alipounganisha, kisanduku kikaanza kulia zzz, kama nyenje, na sisi watoto tukashikana mikono mstari mzima, wa mbele akagusa waya kwa jani bichi, na wa mwisho akaruka. Lo, tulicheka! Vijana wa leo wanapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao wa simu na kujiona wanajua umeme. Sisi tuliujua kwa viganja.

Kesho yake beberu akaja na adabu zake zilezile. Pua ikagusa waya. Aliruka juu, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mbuzi, akakimbia hadi uani na kujificha nyuma ya Bibi.

"Nani alimupiga?" Bibi akauliza.

"Hakuna mutu, mama," baba akajibu. "Iko waya tu."

"Na ile waya, nani aliitega?"

Baba alifuta mikono yake kwa kitambaa, ingawa haikuwa na kitu. Mwajuma alikuwa kwenye kinu anatwanga. Mchi ulisimama kidogo, kisha akaendelea, lakini taratibu. Nilimwangalia mgongo wake mwembamba, na hofu ikaniingia kama homa. Kila mbuzi atakayegusa ule waya, nilijiambia, ni kofi moja la dada yangu huko Nyangwe.

Basi nikawa kila alfajiri, baba akishaondoka, nikienda kuteka maji, napita kwenye bateri na kuchomoa waya. Nyenje ananyamaza. Jioni, kabla baba hajarudi, naurudisha. Mbuzi walielewa upesi kuliko nilivyotaka, mpunga ukaliwa, na mama akalia mbele yetu. Nilimpenda mama. Lakini mchele hutafutwa, na dada nilikuwa naye mmoja tu.

Siku moja baba alisahau funguo zake akarudi kutoka njiani. Akanikuta nimeshika waya. Nilingoja kipigo, nikamweleza yote kwa kilio, makofi ya Nyangwe na yote. Alichuchumaa, akafungua waya wote, shingo moja ya chupa baada ya nyingine, akaukunja na kuuweka darini. Tangu siku hiyo, kila akitoka garaji alikaa kando ya shamba na kopo bovu, akiligonga taratibu kila mbuzi aliposogea. Ile ngo, ngo, ngo ndiyo niliyosikia jioni zote hadi mavuno, na mpaka leo nikiisikia ndotoni naamka nimetulia.

Mchele ulitosha nusu ya wageni tu. Waliobaki walikula bugali wa unga wa muhogo, na Kasongo nzima ikaiita harusi ya bugali. Baba aliona haya, nilimwona. Lakini wakati wa kumkabidhi Mwajuma alisimama, yeye asiyependa kusema, akamwambia shemeji: "Mbuzi yako moja iliumia mara moja kwa mukono yangu, na mupaka leo ninasikia haya. Huyu mutoto ninakupatia, usimupige hata ile mara moja."

Siku hizi mahari hutumwa kwa simu. Mlio mmoja, kwisha, hakuna anayeona haya mbele ya mbuzi. Wajukuu wangu hunicheka nikisema kitu kimepotea hapo.

Mwaka jana nilikwenda Nyangwe kumwona Mwajuma, sasa mjane, macho hayaoni vizuri. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu kuuliza: je, marehemu aliwahi kumpiga?

Alicheka, akanitafuta mkono akaushika. "Aliinua mukono mara moja," akasema. "Mimi nikachukua kopo, nikagonga."