Nilisimamisha Monita ya Mwalimu Wima, Nikamwambia Haijapona

Naomba nisianze kwa kujitetea. Kosa ni langu. Nililifanya nikiwa na akili timamu, mchana kweupe, na nikalirudia wiki baada ya wiki. Sikupitiwa na shetani. Ni mimi!

Jina langu usilitafute. Wale wa mtaa wa Mazwi mtakaonitambua mlishanitambua zamani, na mlishanisema mkachoka.

Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta na televisheni. Duka halikuwa langu, lilikuwa la mzee mmoja aliyeniamini akaniachia funguo. Watu walileta vitu vyao, naandika jina kwenye karatasi, nabandika kwa gundi, nasema njoo siku fulani. Kazi ya fundi ni hiyo. Mtu anakuachia kitu chake anaondoka mikono mitupu, ameshika neno lako tu.

Ugonjwa wangu ulikuwa gemu. Si hizi za mpira wanazocheza vijana wa leo. Mimi napenda za zamani, zile za kandege. Kandege kako kako chini, maadui wanateremka kutoka juu kama mvua ya mawe, unapiga risasi unakwepa, unapiga unakwepa. Mashine zake za enzi hizo zilikuwa na kioo kirefu kwenda juu, kama mlango. Ukizichezea kwenye kompyuta za leo, ambazo kioo chake kimelala, picha inakaa katikati nyembamba kama utepe, kushoto na kulia ni weusi mtupu. Adui unamwona kama punje ya ulezi. Dawa ni moja: usimamishe kioo wima, halafu uingie kwenye setingi uigeuze na picha.

Nilishajaribu na monita za dukani. Niliziegemeza ubavu kwenye gunia la mahindi, lakini vioo vya bei rahisi ukivigeuza vinakudanganya, jicho moja linaona rangi, jingine linaona giza. Na monita yenyewe inateleza. Nikaacha. Hamu haikuniacha.

Basi siku moja, kipindi cha baridi kali, akaja Mwalimu.

Huyu mama alinifundisha darasa la tatu. Amestaafu, ni mjane, anaishi na binti yake Oresta anayeuza vitenge sokoni. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu aliyezunguka Ufipa nzima kwa baiskeli akifundisha watu kuimba, hata huko Kasanga na Kabwe ziwani alifika. Nyimbo alitunga mwenyewe, nyingi kwa Kifipa. Aliziandika kwa penseli kwenye madaftari manne, nota na maneno, kwa mwandiko ambao hakuna binadamu aliyeuweza ila mkewe.

Na mkewe alikuwa anapofuka. Presha ya macho. La kushoto lilishakufa. La kulia lilibaki na tundu dogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alimwambia atumie dawa, lakini kama ana kazi inayohitaji macho, asiiweke kiporo. Ndipo mwanawe aliyeko Dodoma akamnunulia monita kubwa, nzuri, ya maana. Mwalimu akawa anasoma daftari kwa kioo cha kukuzia, anachapa kwenye kompyuta kwa herufi kubwa kama viberiti. Daftari la kwanza na la pili alishamaliza. La tatu alikuwa katikati.

"Mwanangu," aliniambia, "imezima ghafla. Nakuomba, usinikalishe. Mimi sina muda kama wenzangu."

Aliniambia, ndugu yangu! Siwezi kusema sikujua.

Niliifungua palepale alipoondoka. Kapasita moja, kispea kidogo tu, ilikuwa imevimba. Nikaibandua, nikachomea nyingine, monita ikawaka. Kabla ya saa nane mchana kazi imekwisha.

Nikaishika niirudishe pembeni. Ikazunguka! Stendi yake ilikuwa ya kuzunguka. Nikaigeuza taratibu, ikasimama wima, imara, haitikisiki. Nikaitazama kwa kushoto, nikaitazama kwa kulia, rangi zilezile. Moyo ukaanza kunidunda kama mwizi.

Nikasema nijaribu dakika kumi tu.

Nikuambie ukweli, maana ungamo bila ukweli ni porojo: ilikuwa tamu. Kile kioo kilijaa juu mpaka chini. Nilimwona adui tangu anachomoza. Risasi zikawa zinapanda safari nzima, mbali. Nilikuwa kama mtoto. Nilipotazama saa ilikuwa jioni, wateja wawili walikuja wakaondoka bila kuhudumiwa.

Kesho yake Mwalimu akaja. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bado, Mwalimu. Kuna spea imekufa, nimeagiza Mbeya. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo si mbali," akasema. "Mungu akubariki."

Wiki ijayo nikasema spea waliyoleta siyo. Ile ya tatu nikasema gari limeharibika njiani. Uongo ukishauanza unajifunza kutembea wenyewe, wewe unaufuata nyuma. Kila nikisema kesho nairudisha, nakumbuka hatua niliyoishia kwenye gemu. Nikimaliza hii. Nikimuua huyu mkubwa. Kesho kutwa.

Sasa sikiliza hii, maana ndiyo inayonikosesha raha.

Wiki ya nne, saa tano asubuhi, mshikaji wangu Gasto wa bodaboda alikuwa amekaa anacheza, mimi nimesimama nyuma yake. Nikasikia hodi. Mwalimu huyo, na sweta lake la bluu na kikapu. Akaingia, akapapasa kiti, akakaa.

Akakaa karibu kabisa na monita yake! Angenyoosha mkono angeigusa. Lakini lile tundu la jicho lake lilikuwa linaniangalia mimi, na hata kama lingegeuka, yeye aliifahamu imelala, hakuijua ikiwa imesimama.

Gasto akaganda, pad ya kuchezea mkononi. Kandege kakalipuka kwa kishindo.

"Ni nini hicho kinapasuka?" akauliza.

"Ni monita ya mteja, Mwalimu. Naijaribu."

"Imepona?"

"Imepona."

"Mungu asifiwe. Naye atafurahi." Akakipakata kikapu chake. "Yangu je?"

"Wiki ijayo, Mwalimu."

Akafungua kikapu, akatoa mahindi ya kuchemsha yamefungwa kwenye kitambaa, bado ya moto. "Kuleni wanangu, baridi hii mtakufa."

Nikala! Naandika hapa nikiwa na aibu ambayo siwezi kuipima. Nilikula mahindi yake mbele ya monita yake. Gasto hakula. Alitoka nje akawasha pikipiki, akaondoka bila kuniaga.

Mwalimu alikuja tena wiki mbili zilizofuata. Kisha kuna wiki hakuja. Na unajua mimi nilifanya nini? Nilifurahi. Nilisema leo nimepona kutunga uongo. Jumamosi hiyo nikaimaliza gemu, yote, mpaka yule mkubwa wa mwisho. Gasto alikuwa amerudi, ushikaji ni ushikaji, akanipiga video nikishangilia, akaweka kwenye status ya simu yake: Mshikaji kaimaliza!

Kumbe siku hiyo Mwalimu alikuwa amelazwa Mbeya. Jicho la kulia lilimshika ghafla usiku wa Jumatano, maumivu, kutapika, wakamkimbiza. Na Oresta, ambaye mizigo yake hubebwa na Gasto, alikuwa amekaa kwenye benchi la wodi anapekua simu ili muda uende. Akaiona ile video.

Kwenye kitufe cha kuwashia cha ile monita kulikuwa na nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, na kwenye video ilionekana wazi. Oresta mwenyewe ndiye aliyeipaka, ili mama yake akipate kwa urahisi.

Jumanne alikuja dukani. Nilidhani atapiga kelele watu wajae. Hakupiga. Aliweka simu mezani, video inaendelea, mimi naruka ruka humo ndani kama mwehu.

"Hiyo nukta ni ya nani?"

Akakigusa kitufe cha monita kwa kidole, kisha akaendelea.

"Nilimwambia mama nimwandikie kwa mkono. Yeye anisomee daftari, mimi niandike. Akakataa. Akasema nitaharibu mpangilio, fundi kasema wiki ijayo. Kila wiki, fundi kasema. Fundi kasema!" Akaichukua simu yake mezani. "Jicho halipo tena. Hata mwanga wa dirisha hauoni."

Nikasema, "Dada, naomba niilete mwenyewe."

"Ilete. Na umwambie kwa mdomo wako."

Niliibeba kifuani kwa miguu, nikaogopa hata kupanda pikipiki. Mwalimu alikuwa sebuleni, amejifunika shuka, uso umeelekea ukutani. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Keti."

Nikaeleza. Yote. Sikuficha hata mahindi. Nilipomaliza akaanza kuniuliza kama alivyokuwa akituuliza darasani, swali moja moja.

"Iliharibika nini?"

"Kapasita, Mwalimu."

"Ulitengeneza siku ngapi?"

"Siku ileile. Kabla ya saa nane."

"Hiyo gemu inachezwaje?"

Nikaeleza. Ndege, risasi, maadui wanatoka juu. Ndugu yangu, jaribu siku moja kumweleza mtu aliyepofuka juzi jinsi ulivyokuwa unafurahia kuona.

"Na ukishinda unapata nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu. Namba tu zinaongezeka."

Akatikisa kichwa polepole. Nikapiga magoti, nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Usiniombe leo. Ukiniomba nitasema nimekusamehe, kwa sababu nimezoea kusema hivyo. Itakuwa uongo, na uongo umetosha. Nenda nyumbani."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Angenipiga ningepona haraka.

Macho yake sikuyaua mimi, daktari alishasema yangekwenda. Lakini zile wiki za mwisho za jicho lile, ndizo nilizozila mimi.

Wanakwaya walijaribu kuzisoma kurasa zilizobaki. Mama yangu mzazi anaimba sauti ya pili, naye alikaa nao na lile daftari la nne. Wakapata mstari hapa, neno pale. Nyimbo ambazo Mwalimu anazikumbuka kwa moyo aliwaimbia wakazishika. Lakini nyingi marehemu alizitunga kwa ajili ya vigango, yale makanisa madogo ya vijiji vya mbali, kabla hawajaoana, yeye mwenyewe alikuwa anazisoma kwa mara ya kwanza kadiri anavyochapa. Kuna moja ya mazishi ambayo mumewe aliwahi kumtajia, akasema ndiyo bora kuliko zote. Alikuwa anaisubiri kwa hamu aifikie. Hakuifikia.

Mimi nilimwomba Oresta kwa kumtumia mtu, niyapige picha yale madaftari niyakuze kwenye kompyuta. Akakubali, kwa ajili ya mama yake. Nilikuza kila ukurasa mara kumi. Penseli imefifia, mwandiko umepanda juu ya mwandiko. Kisichosomeka ukikikuza kinakuwa kikubwa tu, hakisomeki. Nililia juu ya meza.

Mwenye duka alichukua funguo wiki ileile. Alisema maneno machache: "Hapa watu wanaacha vitu kwa imani. Wewe umeila." Hakuna duka lingine mjini lililonipokea, na wala siwalaumu. Sasa napakia magunia ya mahindi kwenye maroli. Mgongo unauma, lakini ni kazi ambayo haina nafasi ya kumdanganya mtu. Gunia limepanda au halijapanda.

Nyumbani mama ananiwekea ugali mezani, anafunika, anaondoka. Shikamoo yangu anaiitikia kwa sababu dini inamtaka. Siku ya mazoezi ya kwaya anarudi macho mekundu, na mimi najua wamejaribu tena ukurasa fulani wakashindwa. Hasemi. Natamani angesema!

Gemu sijagusa tena. Usinipongeze. Si kwamba nimekuwa mtu mwema, ni kwamba ule mlio nikiusikia mahali nasikia na sauti ya mama mtu mzima akisema Mungu asifiwe, naye atafurahi.

Sasa wewe unayesoma. Labda si fundi. Labda ni karani umekalia faili la mtu, ni fundi cherehani na gauni limeshaisha liko kabatini, ni ndugu uliyeazima jembe msimu umefika. Unasema wiki ijayo kwa sababu kwako wiki ni wiki tu. Kwa mwenye kitu si hivyo! Na usijidanganye kwamba atakuja kugomba ili ushtuke. Wengine hawagombi. Wanakuletea mahindi.

Kama kuna kitu cha mtu kimeshapona na bado kiko kwako, acha kusoma. Usimpigie simu aje. Kipeleke mwenyewe, leo, kwa miguu yako. Hujui amebakiwa na siku ngapi za kukitumia. Mimi niliambiwa, na bado sikujali.