Kamba ya Magurudumu na Kiti cha Mbele

Mwaka ule tulikula bugali na majani ya lengalenga mpaka watoto wakaacha kuuliza ndagala ziko wapi. Chai tulikunywa bila sukari. Esansi ya gari iliuzwa kwa chupa, tena kwa kujificha. Na mwaka huohuo wa shida mume wangu akaongeza muke.

Alikuwa fundi, na taksi yake aliiendesha mwenyewe. Ikianza kuvuta upande, tuliipima sisi wawili uani. Wajukuu wangu hawaamini. Kamba inatoka nati ya katikati ya gurudumu la mbele mpaka ya gurudumu la nyuma, anafunga fundo, tunahamia upande wa pili. Fundo likifika palepale, gari imenyooka. Yeye anashika mbele, mi nashika nyuma. Nimeishika kamba ile na mimba, nimeishika na mutoto mugongoni. Kazi ilikuwa yangu.

Siku moja natoka soko la Jabe, namukuta yule muke mudogo amechuchumaa pahali pangu, kamba mukononi. Anaishika kwa ncha za vidole, kama mukia wa panya. Moyo ukanichemka kama maharage.

"Pande zote sawa," mume wangu anasema, "na bado inavuta kuume. Sielewi."

"Utaelewaje? Muke wako ameshika mupira, hakushika nati."

"Basi unifundishe, dada," yule akasema, anacheka.

"Kwanza utoke hapo."

Nikamunyang'anya kamba. Tukapima. Kuume fundo likapita nati vidole viwili. Mume wangu akaingia chini, akakuta chuma kinachoshika gurudumu la mbele kimepinda kwa mashimo ya barabara. Akakitoa, akakigonga mpaka kikanyooka, akakirudisha. Tukapima tena, fundo likalala juu ya nati. Akaniangalia kama zamani. Nikajua yule mudogo nimemuweza.

Akawasha gari aijaribu. Nanawa mikono, nageuka, yule mudogo ameshakaa mbele, anajitengeneza kitenge. Mume wangu akanifungulia mulango wa nyuma.

"Bi mukubwa, panda. Mpaka Ngagara tu, tunarudi."

"Mi siketi nyuma ya mutu niliyemutangulia."

Majirani wanaangalia. Akazima gari, maana esansi ile haikuwa ya kuchezea. Akanisogelea, akashusha sauti. "Mama watoto, usiniaibishe mbele ya watu."

"Mi siketi nyuma ya mutu niliyemutangulia."