Siku Baba Alipokula Chambo

Nilimkuta baba yangu mezani, saa sita mchana, midomo imekolea waridi kama bibi harusi.

Si waridi ya afya. Ni ile rangi tunayotilia chambo, ambayo ikikugusa kidole utatembea nayo wiki nzima, hata kanisani watu wakucheke.

Mkononi alishika kipande cha mkate mweusi wa nafaka ya rai. Juu yake krimu chachu, juu ya krimu kitunguu, na juu ya kitunguu, mayai ya samaki.

"Karibu, mwanangu," akasema huku anatafuna. "Ya safari hii yametoka vizuri. Chumvi tu ndiyo imepungua."

Nikaitazama chupa ya mayai pale mezani. Imebaki nusu.

Ngoja niwaeleze kidogo ili tuende pamoja. Kwetu, bonde la mto Naselle, jimbo la Washington, Marekani, sisi ni wajukuu wa Wafini waliokuja kuvua samoni. Mayai ya samoni tunayala tangu hatujaota meno. Ya kula unatia chumvi na sukari kidogo, basi, na ndani ya wiki yameisha.

Ya chambo ni habari nyingine kabisa. Yanatiwa boraksi ili yasioze, rangi, na unga mweupe wa salfaiti unaomtia samaki wazimu. Unayageuza na kuyageuza mpaka yanywe maji yake, unayaanika juu ya karatasi, unayashindilia kwenye chupa hewa isibaki, unayapeleka friza. Novemba unaandaa, Januari unavulia. Ukiyatunza vizuri, hata mwaka wa pili bado yananasa.

Kwa samaki hayo ni peremende. Kwa binadamu si chakula. Na kwa binadamu mwenye pumu, ule unga unaweza kufunga kifua kama mlango.

Baba yangu, Arvo, ana pumu tangu utotoni.

Sasa sikieni kilichoniua.

Usiku uliotangulia tulipigwa na dhoruba. Mti uliangukia waya wa umeme unaokwenda bandani, friza ya chambo ikazima. Asubuhi nikaona chupa sita zitaharibika bure. Nikazibeba, nikazipanga rafu ya chini ya friji ya jikoni. Nikajisemea, mpaka jioni tu, nani atazigusa?

Nikatoka kwenda kukata ule mti. Narudi, ndiyo hiyo midomo ya waridi.

"Baba, tema!"

"Niteme nini?"

"Tema hicho chakula! Ni chambo!"

Akacheka. Baba yangu hachekagi ovyo, lakini siku hiyo alicheka.

"Wewe Irja, miaka hamsini natengeneza mayai, leo unifundishe chambo?"

Kisha akakohoa. Akakohoa tena. Kicheko kikakatikia katikati, na kilichotoka baada yake kilikuwa mluzi. Mnaoishi na mtu wa pumu mnaujua mluzi huo.

Nikakimbilia inhela. Akavuta mara ya kwanza. Akavuta mara ya pili. Mluzi uko palepale.

Nikapiga namba ya dharura. Dada aliyepokea alikuwa na sauti tulivu mpaka ikaniudhi.

"Usimtapishe. Mkalishe wima. Endelea na inhela kama nitakavyokuelekeza. Gari limeshatoka."

"Litafika saa ngapi?"

Nikasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Mlio huo nausikia mpaka leo.

"Dada, mlima umeporomokea barabara yenu. Wahudumu watashuka na kuvuka tope kwa miguu. Dakika arobaini. Labda hamsini."

Hamsini! Mtu anapumua kama anavuta hewa kwenye tundu la sindano, unaambiwa hamsini.

Niwaambie ukweli, sikufanya lolote la kishujaa. Nilikaa. Nilimshika bega. Nilihesabu pumzi zake, nikisubiri kila inayofuata kama naomba mkopo kwa Mungu. Kucha zake zilianza kubadilika rangi. Mimi ndiye niliyezileta zile chupa ndani. Mimi. Hilo ndilo lililokuwa likizunguka kichwani, mimi, mimi, mimi.

Jirani yetu Verna akaingia bila hodi. Ni mama wa miaka sabini, mjane, ana mdomo unaoweza kukwangua kutu. Alikuwa amesikia kelele zangu kutoka uani kwake.

"Kuna nini? Mbona mzee anapiga filimbi?"

"Amekula chambo, mama. Nilikiweka friji ya jikoni."

"Umeweka wapi?" Akajishika kiuno. "Wewe mtoto una akili timamu? Hata mume wangu, mlevi yule, Mungu amrehemu, hakuwahi kuleta chambo jikoni! Unataka kumzika baba yako?"

Nikaendelea kumshika baba bega.

Baba akainua mkono, akautikisa. Pumzi ya kusema hakuwa nayo, lakini mkono ulikuwa unamwambia Verna: mwache mwanangu.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Verna akaona, akalegea. Akavuta kiti upande wa pili wa baba, akamshika mkono mwingine. "Haya, Arvo, wewe kaa hivyo hivyo. Ukifa leo nitakusema vibaya mazishini, nakuapia."

Baba akajaribu kutabasamu na ile midomo yake.

Wahudumu walifika wawili, tope mpaka mapajani, kijana na mwanamke, wamebeba mtungi wa oksijeni kama wamebeba mtoto. Wakamvika barakoa, wakamtia dawa ya mvuke. Dakika kumi hakuna kitu. Dakika kumi na tano, mluzi ukapungua. Mnamo dakika ya ishirini na tano baba alivuta pumzi moja ndefu, kamili, na sote tuliokuwa jikoni tukaishusha naye.

Nikajua amepona. Nikadhani yamekwisha.

Yule mhudumu wa kike akasema, "Nionyeshe alichokula. Lazima niandike."

Nikafungua friji nimwonyeshe na zile nyingine. Rafu ya chini.

Chupa sita.

Nikahesabu tena. Sita. Zote zimefungwa, hata utepe haujaguswa.

Nikageuka kuitazama ile ya mezani, ya saba. Nikaizungusha taratibu. Ilikuwa na utepe wa karatasi kama zile nyingine, na juu ya utepe mwandiko wa baba, herufi zimesimama wima kama askari:

YA KULA. JUMAPILI. IRJA ANAPENDA.

Nikainusa. Salfaiti tupu.

Alhamisi iliyotangulia baba alishinda bandani peke yake na mabakuli mawili, la kula na la chambo, kama afanyavyo kila Novemba. Sikumwangalia. Kwa nini nimwangalie? Nani anamwangalia samaki kama anajua kuogelea? Mtu huyu alikuwa akinusa yai akakwambia lilitiwa chumvi siku gani.

Na sasa alikuwa ameutia ule unga kwenye mabakuli yote mawili, akatia na rangi, akaandika "ya kula", akaileta chupa mezani, akala, asione rangi, asisikie harufu.

Verna alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma ule utepe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea kwa kunong'ona.

"Irja. Na mimi kaniletea moja juzi. Nikajua kaweka rangi kwa mbwembwe tu. Sijaifungua."

Niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu? Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa namwomba Mungu anisamehe kosa langu. Sasa nilikuwa namwomba anirudishie. Nilitaka liwe langu. Kosa langu lingekuwa na dawa: ningezitoa chupa, ningeomba radhi, ningepigwa makelele na Verna mpaka kiama. Hili la baba ningelitoa wapi na kulipeleka wapi?

Wahudumu wakatuambia barabara ikifunguka tumpeleke hospitali akapimwe. Walipoanza kufunga vifaa vyao, baba akavua barakoa.

"Nani kaleta chupa ya chambo mezani?"

Verna akanitazama. Nikamwahi.

"Mimi, baba. Umeme ulikatika, nikazihamisha. Nisamehe."

Nikasubiri anigombeze. Nilikuwa na hamu ya kugombezwa, ndugu zangu, kama mtu mwenye njaa.

Hakunigombeza. Akanyoosha mkono, akaivuta chupa, akausoma ule utepe. Akapitisha kidole juu ya herufi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine.

"Uongo huujui wewe," akasema. "Tangu una miaka tisa hujawahi kukosea chupa."

"Baba..."

"Niambie tu. Nimempa nani tena?"

Nilikuwa nikimsubiri yeye anitajie. Na yeye, kwa macho ya mtoto aliyepotea sokoni, alikuwa ananisubiri mimi.

Alasiri nzima tulikaa na simu, mimi na Verna, tukipigia bonde zima, nyumba kwa nyumba. "Mzee Arvo amewaletea mayai? Msile." Chupa nne zilipatikana, hakuna aliyezigusa. Kila aliyepokea aliuliza kuna nini, na kila mmoja nilimwambia umeme ulikatika. Baba alikaa dirishani, mgongo kwetu, akisikiliza namna mwanawe anavyojifunza kusema uongo.

Mnaoishi na wazee, sikieni. Tunawachunga kwenye ngazi wasianguke, tunawahesabia vidonge wasisahau. Lakini kwenye ile kazi wanayoiweza kutushinda sote tunawaacha peke yao, kwa sababu pale ndipo tunapowaamini, na pengine kwa sababu tunaogopa kuona. Msiogope kama mimi. Mtu anaweza kupotea ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nendeni mkakae naye pale pale anapojua kila kitu, mkiwa bado mnaweza kumsikia anavyokosea.