Kuku Asiyevunjwa Mfupa

Nilikuwa na miaka saba, wakati wa masika, utosi wa mdogo wangu Odilo ulipobonyea.

Tulikuwa tumehamia Lipingo, kwa bibi mzaa baba. Kwake kulikuwa na mwiko: mtoto akiwa hajafunga utosi, kuku havunjwi mfupa. Hutenganishwa kwenye viungo tu. Mimi nilimshika kuku miguu, Bibi akitafuta kiungo kwa ncha ya kisu.

"Goti hili, Winfrida, linakunjika upande mmoja, kama mlango. Bawa je?"

"Linazunguka!"

"Basi kata hapo. Na kichwa?"

Nilipapasa. Hakuna kilichosogea.

"Nacho kimeungwa, ila kimeshikana. Cha Odilo bado."

Mama alitoka milimani, Ukata. Kwao kuku hukatwa kwa panga. Jumapili moja, Bibi akiwa kanisani, Mama alimkata kuku hivyo. Jumatatu Bibi aliweka kidole kwenye utosi wa Odilo, kikazama.

"Umemvunja mtoto, Mama Winfrida."

"Mama, ameanza kuharisha juzi. Kuku nimekata jana."

"Na kama akituondokea?"

 Mama alikuwa ameshambeba Odilo mgongoni. Bibi alichukua mwavuli, tukaenda wote zahanati.

Muuguzi naye alianza na utosi, kidole mahali palepale. "Amekaukiwa maji," alisema. Akakoroga dawa ya paketi yenye chumvi na sukari, Mama akamnywesha kijiko kwa kijiko.

"Na mfupa je, sista?" Bibi aliuliza.

"Mfupa gani?"

"Wa kuku."

"Huyo mleni tu, bibi."

Bibi hakucheka. Kesho yake mchana utosi ulikuwa umeinuka.

Baadaye nilisoma kwamba mifupa ya fuvu la mtoto mchanga huunganishwa na utando, kisha hushikana ikawa kiungo kisichosogea. Kuharisha kulitangulia panga. Hilo nina hakika nalo, maana nepi zilijaa kambani tangu Jumamosi. Nisilolijua ni nani wa kwanza aliyetazama kuku akikatwa, akawaza kichwa cha mwanawe.

Bibi alishafariki. Odilo sasa ana mtoto wa miezi minne. Mwezi uliopita Mama alikwenda kumwona mjukuu, nami nilikuwepo. Kuku alipochinjwa, mkwewe alimletea panga. Mama aliliweka chini, akaomba kisu kidogo. Alipapasa goti la kuku mpaka akapata kiungo, akakata hapo.