Robine ya Zizini

Baba yangu alizaliwa Rurambo, kule juu ambako ukungu wa asubuhi haumwachi mtu aone hata mkia wa ng'ombe aliye mbele yake. Alishuka Katogota akiwa mtu mzima, na mke, watoto na mifugo. Sisi watoto tulilizoea bonde upesi. Tulijifunza kulima mihogo na mahindi, tukaoa na kuolewa humohumo. Yeye alibaki mtu wa mlimani. Mpaka leo akisema maji, anamaanisha kwanza maji ya ng'ombe; ya watu yanafuata.

Mimi niliolewa Uvira na ninauza vikwembe, yaani vitenge, hapa mtaa wa Nyamianda. Nina tabia ambayo mume wangu huitania sana: nikiona jambo linalonisumbua, sipumui mpaka litengenezwe. Ananiambia ningekuwepo siku ya uumbaji ningemwelekeza Mungu mahali pa kuuweka mlima. Basi kwa muda mrefu jambo lililonisumbua lilikuwa njia ya baba ya kwenda mto Ruzizi.

Kila siku aliwapeleka ng'ombe wake mtoni. Mama alikuwa amekwisha kufariki, na dada yangu mdogo, anayekaa naye na kumpikia, alikuwa akimtazama tu anavyoondoka, mkono wake mgongoni mwa ng'ombe mkubwa, bihogo, yaani yule mwenye wekundu uliokolea. Mzee amepita sabini, magoti yanalia, na mtoni kuna viboko. Nililalamika, akanisikiliza kwa adabu, kesho yake akaenda.

Kisha Jumapili moja nilipokwenda Katogota, jirani yetu wa huko akanivuta pembeni baada ya ibada. Ni mkulima ambaye shamba lake la mahindi linapakana na njia ya ng'ombe, mtu mpole asiyependa ugomvi.

"Mama, minye sitaki maneno na muzee," akasema. "Lakini ng'ombe zake zinaingia mu mahindi yangu, na yeye iko palepale, anasimama tu. Zamani hata jani moja hawakugusa."

Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kwa watu wa kwetu, mchungaji ambaye ng'ombe wake amekula shamba la mtu hana la kusema mbele ya wanaume wenzake. Nilimwomba radhi jirani, na palepale nikaamua: kama ng'ombe wanaharibu wakienda kwenye maji, basi maji yaje kwa ng'ombe.

Bahati nzuri bomba jipya lilikuwa limefika Katogota kutoka kwenye chemchemi ya milimani, na wenye nyumba waliruhusiwa kuvuta tiyo, bomba dogo, mpaka kwao. Kwa mifugo ilibidi uombe kibali cha pekee. Komite ya maji ilinikubalia kwa masharti: birika la kunyweshea lijengwe ndani ya lupango yetu, yaani uani, na robine, koki yake, isidondoke hata tone. Mkuu wa komite alisema maji ni ya watu kwanza, na robine itakayokutwa inadondoka itakatwa bila mazungumzo. Niliona ana haki.

Aliyekataa ni baba.

"Maji ya tiyo haina chumvi," akaniambia.

"Nitawanunulia chumvi."

"Ng'ombe zinapenda kutembea."

"Papa, ni weye unapenda kutembea."

Akatabasamu kidogo, akageuza uso kuelekea ukutani. "Ndiyo, mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Na minye pia."

Mimi nilihesabu huo kuwa ukaidi wa uzee. Nilimwambia dada sikio la kufa halisikii dawa, tujenge tu, atazoea. Fundi akaja, akachimba mtaro kutoka barabarani, akajenga birika la matofali na simenti kando ya zizi. Baba aliacha kubisha. Aliomba kitu kimoja tu: kabla ng'ombe hawajanywa, birika lisiribwe kwa ndani kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na majani, kama walivyofanya Rurambo, kwa kuwa ng'ombe hapendi harufu ya simenti. Akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Alipiga magoti akapapasa kila kona, ndani na nje, kisha akapapasa tena kutoka birika mpaka nguzo ya zizi, na kutoka nguzo mpaka birika. Nilidhani ameanza kulipenda. Nilifurahi sana, nikamchinjia fundi kuku.

Siku maji yalipofunguliwa, jirani alikuja kuona, maana naye ni mjumbe wa komite. Baba alivaa koti lake la kanisani. Kwa desturi yao, mwenye ng'ombe anachota maji kwa kiganja, anayaonja, halafu anapiga mluzi. Ng'ombe aliyewazaa wenzake, kwetu bihogo, ndiye anayekunywa wa kwanza, na wakati anakunywa bwana wake anamsifu kwa sauti: pembe zake, mwendo wake, maziwa yake. Wengine wanangoja zamu. Hakuna anayesukuma, na baba alikuwa akituambia tukiwa wadogo kwamba ndiyo maana ng'ombe wana adabu kuliko sisi kwenye sahani ya ugali.

Akaonja. Akapiga mluzi. Ng'ombe mmoja akasogea, akainamisha kichwa, na baba akaanza kumsifu bihogo. Alimsifu vizuri, sauti imemtoka kifuani kama siku za Rurambo, wekundu wake, pembe zilizokumbatia mwezi. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha nikatazama birikani. Aliyekuwa anakunywa ni mwenye paji jeupe, ng'ombe mchanga, mwenye pembe fupi tu.

Jirani alinitazama. Mimi nikatazama chini. Huyu ndiye baba ambaye zamani, akiwa upande huu wa bonde, alikuwa akikutajia ng'ombe wa mtu mmoja mmoja upande wa pili.

Ndipo bihogo akalia. Alikuwa amesimama mlangoni mwa lupango, mahali alipozoea kumngojea baba waende mtoni. Baba akanyamaza katikati ya sifa. Akageuza kichwa kuelekea sauti, akakirudisha kwenye birika, ambako ng'ombe mwingine bado alisikika akinyonya maji.

"Nani anakunywa hapa?" akauliza polepole.

Fundi alijifanya anatafuta kitu mfukoni mwake.

"Ni ya paji jeupe, papa," nikasema.

Baba akatikisa kichwa. "Basi ikunywe," akasema, akaingia ndani na koti lake.

Jioni nilikaa naye mbele ya nyumba. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini sikuwa na moyo wa kumpigia methali. Alinieleza mwenyewe, kama mtu anayeeleza hali ya mvua. Macho yalianza kufungwa pembeni, yakaendelea mpaka katikati. Nyumbani alihesabu kuta. Njia ya mtoni ilikuwa kazi ya bihogo. Yeye aliweka mkono mgongoni mwake na kufuata.

"Watu walisema naenda kukunywesha ng'ombe," akasema. "Ni yeye alikuwa ananipeleka. Na mahindi ya jirani, kweli, sikuona."

"Ju ya nini hukutuambia?"

"Mungenikalisha."

Ni kweli, ndivyo ningefanya. Sasa nilikuwa nimemkalisha vilevile, kwa matofali na simenti.

Nilimpeleka hospitali Uvira. Daktari akasema ni presha ya macho, ya siku nyingi. Kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone italinda kidogo kilichobaki. Tulirudi nayo Katogota. Nilimtuliza baba kwa maneno yote niliyoyajua, akanijibu kwamba nanena vizuri kama mchungaji wa kanisa, nipunguze tu urefu.

Lakini hakuwa sawa. Dada aliniambia kwa simu kwamba mzee hatoki tena. Ng'ombe wanakunywa, wamenenepa, mahindi ya jirani yanasimama bila jeraha, na yeye anakaa kwenye kiti. Mara moja alijaribu kwenda peke yake zizini akajigonga kwenye kona ya birika, mguu ukachubuka. Alidai ni mbu. Nilicheka nikiwa na dada kwenye simu, nikaikata, nikalia dukani mbele ya mteja aliyekuwa anachagua kikwembe.

Baadaye robine ikaanza kudondoka. Mpira wa ndani ulilika, na matone yakawa yanaanguka birikani mchana na usiku. Dada akaniarifu, nikamwambia fundi aje kabla komite haijaona, nami nikapanda gari kwenda kuhakikisha. Wewe unanijua sasa.

Tuliwakuta komite wamekwisha kuona. Jirani alikuwa ametumwa kuja kutazama, naye amesimama kando ya zizi na kofia mkononi, na haya usoni. Fundi akafungua mfuko, funguo zikagongana. Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya nyumba.

"Unataka kufanya nini?" akauliza.

"Kukaza robine, muzee. Inadondoka."

"Iache."

"Papa, komite itakata maji," nikasema. "Waliniambia tangu mwanzo."

Baba akageuza uso kuelekea zizini. Alijua jirani yupo; alikuwa amemtambua kwa sauti na kumsalimia. Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote wa nje habari ya macho yake.

"Minye sioni," akasema. "Hiyo maji ndiyo inaniambia zizi iko wapi. Ikinyamaza, nitapotea mu lupango yangu."

Jirani alivaa kofia yake, akaivua tena. Akaenda akatazama pale birika linapofurikia, akatazama shamba lake chini ya uzio, ambako kando ya mahindi alipanda mchicha.

"Kama tunachimba mufereji kidogo toka hapa," akasema, "hakuna tone inapotea. Itaingia mu lengalenga yangu. Komite nitawaambia minye mwenyewe." Kisha akamgeukia baba. "Muzee, zamani ng'ombe zako zilikula kwangu. Sasa minye nitakunywa kwao."

Baba akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama alipokuwa hai.

Fundi akafunga mfuko wake. Baba akainuka bila fimbo. Sikumshika, ingawa mikono iliniwasha. Aliyafuata matone moja kwa moja mpaka kwenye birika, akaweka kiganja chini ya robine kikajaa polepole, akaonja, akapiga mluzi. Safari hii alingoja. Bihogo akaacha mlango, akaja, akainama kando yake, na baba akaweka kwanza mkono kwenye pembe zile ndefu, ndipo akaanza kumsifu.